Mary Thomson, Bibi wa Scarborough

Wengi wetu tunaishi huku Scarborough na kila siku tunapita pale Thomson Memorial Park, Brimley Road, tukiwahi basi. Huyo Thomson ni nani? Miaka minne nimekaa hapa nikidhani ni yule tajiri wa magazeti. Kumbe nimekosea, ingawa si sana.

Mwaka 1796, David Thomson na mkewe Mary, watu wa Dumfriesshire kule Uskochi, walihamia msituni kando ya kijito cha Highland Creek. Ndio Wazungu wa kwanza kuweka makao ya kudumu hapa. Nasema Wazungu kwa makusudi, maana mwaka 1956 wachimbaji udongo walifukua pale Tabor Hill, si mbali na bustani hiyo, kaburi la pamoja la Wendat lenye umri wa karne nyingi.

David alikuwa fundi mwashi. Kazi zenyewe zilikuwa York, mji uliokuja kuitwa Toronto mwaka 1834, kama kilomita 20 hivi kwa miguu. Kwa hiyo mzee analala huko huko kazini, na Mary anabaki kwenye kibanda cha magogo na watoto wadogo, msitu umemzunguka pande zote. Sisi ambao wenza wetu wako nyumbani, hiyo hadithi tumezoea kuisimulia kwa upande wa aliyesafiri. Lakini anayeitwa hapa mama wa Scarborough ni Mary. David alifariki 1834, yeye 1847, wote wamezikwa kanisani St. Andrew's, jirani tu na bustani.

Sasa yule tajiri. Roy Thomson, mtoto wa kinyozi, alizaliwa Toronto mwaka 1894, akaja kumiliki The Times ya London, akafariki 1976. Yeye ni wa uzao wa Archibald, ndugu yake David. Wazungu watasema basi Mary si bibi yake. Kwetu mke wa ndugu wa babu ni bibi tu, ubishi wa nini!

Jumapili ile, nilipotoka makaburini, nikampigia simu mama mkubwa kule Same. Nilitaka majina ya ukoo wetu. Akanitajia babu, baba yake babu, na baba wa huyo, halafu akakwama. Aliyekuwa anayajua zaidi ni bibi, na bibi tulimzika mwaka juzi. Yaani wao walimzika. Mimi nilikuwa na mtihani.

Nikashukuru, nataka kukata simu. Mama mkubwa akauliza, kwa sauti ile ya mtu aliyeudhika kidogo, kama wake zao siwataki. Hao anawajua mpaka wa tano. Nikarudi nikakaa kwenye ukuta wa kanisa, nikatoa kalamu.