Kasisi Berkeley na Ukungu wa Viazi

Mwezi huu tunawaletea habari za kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, ambaye wataalamu wa mimea wanamjua kuliko sisi watu wa kanisa. Huyu ni Miles Joseph Berkeley, bingwa wa elimu ya uyoga na kuvu.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1803 katika jimbo la Northamptonshire, akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipokuwa kasisi msaidizi Margate, mji wa pwani, alichunguza mwani wa baharini. Mwaka 1833 alihamia King's Cliffe, akahudumia vijiji viwili vya jirani. Mapato yalikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi, hivyo alipokea wanafunzi akawafundisha nyumbani. Saa zilizobaki alikaa na darubini yake. Watu wa nchi nyingi walimpelekea kuvu ili azitambue. Hata zile alizokusanya Charles Darwin katika safari yake ya meli ya Beagle zilifika mikononi mwake.

Mwaka 1845 msiba ukaingia Ulaya. Majani ya viazi mviringo yalipata madoa, yakawa meusi, na viazi vikaoza ardhini. Huko Ireland, ambako maskini walikula viazi karibu kila siku, njaa kuu ikaanza. Wengine walisema ni adhabu ya Mungu. Profesa John Lindley, mtaalamu mwenye sifa kubwa, alisema mvua imezidi na viazi vimejaa maji. Wote waliona ukungu mweupe chini ya majani, lakini wengi waliudhani ni matokeo tu ya kuoza.

Kasisi Berkeley alitazama kwa makini. Aliona nyuzi nyembamba zikitokea katika vitundu vya jani, zimebeba vijimbegu vidogo mno. Mwaka 1846 alichapisha maelezo yake: ukungu wenyewe ndio unaoua mmea, na unyevu unausaidia tu kuenea. Hakujitwalia sifa yote, bali alimtaja Montagne, daktari Mfaransa aliyeuchunguza na kuupa jina kabla yake. Wakubwa wengi walimkatalia. Katika miaka ya 1860 Mjerumani Anton de Bary alithibitisha kwa majaribio kwamba kasisi alisema kweli.

Tusifiche uchungu wa habari hii. Kujua chanzo hakukuwashibisha wenye njaa. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa Ireland, na wengine zaidi ya milioni wakahama, huku vyakula vingine vikiendelea kusafirishwa nje ya nchi. Dawa ya shaba ya kuzuia ukungu ilikuja kutangazwa Ufaransa mwaka 1885.

Mwaka 1860 Berkeley alitoa kitabu kuhusu kuvu za Uingereza, chenye picha za rangi na maelezo ya aina zaidi ya elfu moja. Kwa kitabu kama hicho, hata mtu asiye profesa aliweza kwenda msituni na kutambua alichokiokota. Mwaka 1868 akawa kasisi wa Sibbertoft. Mwaka 1879 aliikabidhi bustani ya Kew hazina yake ya kuvu, na tarehe 30 Julai 1889 akafariki.

Siku hizi wataalamu wamegundua kwamba ule ukungu wa viazi si kuvu halisi, bali ni jamaa wa mwani, viumbe vilevile alivyovichunguza kijana Berkeley.

Wakulima wa Lushoto na Njombe wanaujua ugonjwa huo, katika viazi na katika nyanya. Basi ukungu wa asubuhi unapotanda siku nyingi, tusiishie kuilaumu mvua. Tuligeuze jani, tutazame chini yake, kama alivyofanya kasisi huyu. Kuchunguza kwa uvumilivu kazi ya Muumba, ili jirani asilale njaa, nako ni utumishi.