Buddha: Moyo Hautulizwi kwa Nguvu

Hapa Old Kampala, kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890, adhana hutoka msikitini, na makanisa ya Namirembe na Rubaga huonekana juu ya vilima vya jirani. Wafuasi wa Buddha ni wachache kwetu, ingawa mtawa wa Uganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo chao Garuga, karibu na Entebbe, mwaka 2005. Hata hivyo maisha ya Buddha yamfaa kila mwanafunzi, maana yaonyesha jinsi ya kuutayarisha moyo kabla ya kazi ngumu.

Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo sasa Nepal, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, akalelewa kwa raha nyingi. Alipopata miaka 29 aliwaacha mke na mtoto, akaenda kutafuta dawa ya huzuni ya uzee, ugonjwa na mauti.

Kwanza alijifunza tafakuri kwa walimu wawili, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Akawafikia upesi, lakini hakuridhika. Ndipo akajaribu nguvu. Aliuma meno, alizuia pumzi, alifunga hata akabaki mifupa na ngozi. Miaka sita ikapita bure, naye akawa karibu kufa.

Hapo akakumbuka siku moja ya utoto wake. Baba yake alikuwa kazini, naye ameketi kivulini, chini ya mti wa jamii ya mzambarau, moyo wake ukatulia wenyewe kwa furaha isiyo na tamaa. Akatambua kwamba mwili uliodhoofika kwa njaa hauwezi kufika huko. Basi akala. Wenzake watano wakamdhania amerudia anasa, wakamwacha. Yeye akaketi peke yake chini ya mti huko Bodh Gaya, akapata nuru, akiwa na miaka 35.

Tangu hapo alifundisha kwa miaka 45. Msingi, alisema, ni mwenendo mwema. Kisha mtu aondoe vizuizi vitano, yaani tamaa, chuki, uzito wa usingizi, mahangaiko na shaka. Mwanafunzi wake Sona alijitahidi hata nyayo zikatoka damu, akataka kukata tamaa. Buddha akamkumbusha zeze alilokuwa akipiga zamani: uzi uliokazwa mno hauimbi, wala uliolegea.

Alifariki Kusinara, mwenye miaka 80. Nasi tunaokesha mtihani ukikaribia, baada ya kulegea muhula mzima, tulikumbuke zeze la Sona.