Mchungaji William Jones wa Rabai

Wanachama na wazee wetu, mwaka huu twamkumbuka Mchungaji William Jones, mlezi wa waliofungwa na utumwa.

Alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akaokolewa na Waingereza, akalelewa Nasik, India. Mwaka 1864 alifika Mombasa kuitumikia misheni. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, wakafuatana kupitia nchi ya Wamasai kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones, aliyeachwa nyuma na msafara, ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi, katika njaa na msiba.

Huko Rabai watumwa watoro walimkimbilia. Sheria iliwahesabu kuwa mali ya mabwana zao, waliotishia vita. Misheni nayo ilikuwa imekataza wasipokewe. Jones, aliyeuonja utumwa mwenyewe, hakuwafukuza: walijenga, wakalima, wakafundishwa dini. Mwaka 1888 hesabu ya watoro katika misheni za pwani ilizidi 1,400. Ndipo Kampuni ya Waingereza ilipowalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai.

Mwaka 1895 Jones alipata ukasisi. Nasi tulioungana kusaidiana tukumbuke kwamba aliowapokea hawakuwa jamaa zake, wala hawakuwa na cha kumlipa.