Mechi Tatu za Gerald Thompson

Wenzangu mliosoma Tabora mnajua kuwa mji wetu ulitekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Katika vita hiyo hiyo alikufa nchini mwetu Gerald Thompson, mchezaji wa mbele wa timu ya raga ya Afrika Kusini.

Alicheza mechi tatu tu za kimataifa, zote mwaka 1912, katika muda usiofika mwezi. Waliifunga Uskoti 16–0, Ireland 38–0 na Wales 3–0. Ulinzi huo naona ungetufaa sana bwenini kwetu!

Kisha akaja askari upande wa Waingereza. Wapagazi wa Kinyamwezi, warithi wa njia ya misafara, walibeba mizigo ya vita ile, na wengi walizikwa bila jina. Thompson aliuawa Kangata, Handeni, tarehe 20 Juni 1916, akiwa na miaka 29.