Earl Thompson, fundi wa vitesi vya mkono na vya otomatiki

Shofere wa lori anayepanda mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, anajua: vitesi vikikataa kuingia, lori linarudi nyuma na mzigo wake. Hatari hiyo Mmarekani Earl Thompson aliipunguza kwa njia mbili.

Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Oregon. Zamani zile, kubadilisha vitesi ilikuwa kazi: unakanyaga ambreyaje mara mbili, ukikosea, meno ya gia yanalia ao yanavunjika. Injinia huyo alitia koni ndogo zinazosuguana kwanza. Mizunguko ikilingana, ndipo meno yanashikana. Cadillac walianza kuuza gari za namna hiyo mwaka 1928.

Hakuishia hapo. Mwaka 1939 kikundi chake kilitoa Hydra-Matic: pedali ya ambreyaje hakuna, presha ya mafuta ndiyo inabadilisha vitesi. Ikaenda vitani ndani ya vifaru, na miaka ya 1950 ndani ya malori ya jeshi la Marekani.

Thompson alikufa mwaka 1967. Mashofere wangali wanabishana mkono ao otomatiki. Yeye alitumikia pande zote mbili.