Lumumba: Karani wa posta aliyepikwa Kisangani akawa kiongozi wa nchi

KISANGANI – Kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, Patrice Émery Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji ulioitwa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo. Hakuzaliwa hapo. Hakuwa wa kabila lolote la wenyeji wa hapo. Wala hakuwa amemaliza shule ya sekondari. Hata hivyo ni mji huo uliompa nafasi ya kwanza ya kuongoza watu, na ni mji huo uliomfuata mpaka mwisho.

Dunia inamkumbuka zaidi kwa hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 na kwa kifo chake miezi saba baadaye. Miaka yake ya Stanleyville haizungumzwi sana, ingawa huko ndiko alikopambana na swali ambalo bado liko mezani katika shule na vyuo vya Kongo: je, mtu aliyesoma ni wa nani? Ni wa kabila lake, wa dini iliyomfundisha, wa serikali iliyompa cheti, au wa nchi nzima?

Mtoto wa misheni mbili

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Batetela. Utotoni alijulikana kwa jina la Élias Okit'Asombo.

Wakati huo shule za Wakongomani zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Serikali ya kikoloni ilisaidia kwa fedha misheni za Kikatoliki, ambazo nyingi ziliendeshwa na Wabelgiji. Misheni za Kiprotestanti, nyingi zikiwa za Wamarekani na Waingereza, hazikupata ruzuku hiyo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mtoto alitengwa na mwenzake kwa dini kabla hata hajajua kusoma. Mkatoliki alikwenda kwa mapadre, Mprotestanti akaenda kwa wachungaji, na kila upande ulimfundisha kuutilia mashaka upande wa pili.

Lumumba alipita pande zote mbili. Alisoma kwa Wamethodisti, akasoma pia kwa Wakatoliki, na hakumaliza masomo ya juu kwa upande wowote. Alichobaki nacho ni njaa ya vitabu na tabia ya kutokubali kufungwa ndani ya kundi moja.

Akiwa kijana aliondoka Sankuru kutafuta kazi. Alipita Kalima, kwenye machimbo ya bati ya Maniema, na mwaka 1944 akafika Stanleyville.

Mji wa watu wengi

Aliukuta mji wa maporomoko ya mto Kongo, ambako Wagenia walivua samaki kwa mitego yao mikubwa ya miti na Walokele walifanya biashara kwa mitumbwi. Walikuwapo pia Wakumu, Waturumbu, Watopoke, Wambole, Walengola na wengine waliovutwa na kazi. Walikuwapo Waislamu ambao jamii yao ilianza tangu siku za Tippu Tip. Kilingala kilipanda na meli kutoka magharibi, Kiswahili kikateremka kutoka mashariki, na lugha hizo mbili zikakutana sokoni.

Mgeni kama Lumumba hakuweza kuishi hapo kwa lugha ya kwao peke yake. Mbali na Kitetela, alizungumza Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiluba. Baadaye, alipoanza kusimama mbele ya umati, uwezo huo ulimtofautisha na wanasiasa waliosikika katika eneo moja tu.

Lakini mji huo wa watu wengi ulikuwa umepigwa mstari. Wazungu walikuwa na mtaa wao, Waafrika wakawa na wao. Hospitali zilikuwa mbalimbali, shule zilikuwa mbalimbali, na mshahara wa Mwafrika ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa Mzungu aliyefanya kazi inayofanana na yake.

Lumumba aliajiriwa serikalini, akapelekwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusoma katika shule ya posta, akafaulu vizuri na kurudi Stanleyville akiwa karani. Baada ya kazi alijisomea. Alijitolea katika maktaba na aliandika makala katika magazeti ya Wakongomani wa wakati huo, yakiwamo La Croix du Congo na La Voix du Congolais.

Uongozi wake ulianzia katika vyama vidogo vya mjini. Alikuwa katika umoja wa Batetela, kama wageni wengi waliosaidiana kwa misiba na shida za ugenini. Hakuishia hapo. Aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa posta wa jimbo, kisha akawa rais wa chama cha watu waliosoma wa Stanleyville. Katika vyama hivyo vya pili hakuna aliyeulizwa kabila lake. Kilichowaunganisha wanachama ni kazi moja, kero moja na hitaji la msemaji. Mtetela akachaguliwa kuwasemea watu ambao wengi wao hawakuwa Batetela.

Kadi ya ustaarabu

Wasomi hao waliitwa kwa Kifaransa évolués, yaani watu waliohesabiwa kuwa wamepiga hatua kutoka ushenzini. Sifa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake. Ilimwambia Mkongomani kwamba thamani yake inapimwa kwa umbali alioufikia kutoka kwa wazazi wake.

Mwaka 1952 serikali ilianzisha utaratibu wa usajili, ambao uliahidi kumweka Mkongomani karibu zaidi na Mzungu mbele ya sheria. Mwombaji alichunguzwa maisha yake yote. Wakaguzi waliingia nyumbani, wakatazama jinsi familia inavyokula na kulala, wakapima Kifaransa chake na uhusiano wake na mke wake. Lumumba aliomba, akakataliwa. Hakukata tamaa, na mwaka 1954 akakubaliwa. Katika koloni lenye watu zaidi ya milioni 12, waliofaulu kupata hadhi hiyo walikuwa wachache sana.

Huyu ndiye mtu ambaye baadaye alionekana kuwa adui mkubwa wa Ubelgiji. Kwa miaka kadhaa aliamini kwa dhati kwamba msomi akithibitisha uwezo wake, mlango utafunguliwa. Alishiriki hata katika kundi la utamaduni lililowakutanisha Wabelgiji na Wakongomani. Lakini kadi haikupandisha mshahara wake hadi ule wa Mzungu, wala haikumfanya mtu wa barabarani aache kumwita kijana wa kutumwa.

Vita vya shule

Mwaka 1954 serikali mpya iliingia madarakani Ubelgiji, na wizara ya makoloni akapewa Auguste Buisseret wa chama cha Liberali. Buisseret alifungua shule za serikali zisizo za kanisa kwa ajili ya Wakongomani. Misheni za Kikatoliki zilipinga vikali, kwa kuwa kwa miaka mingi elimu ya koloni ilikuwa karibu yote mikononi mwao. Ugomvi wa Wabelgiji kuhusu shule ukahamia Kongo.

Lumumba alisimama upande wa shule za serikali. Kwake hilo halikuwa suala la kumpinga Mungu. Shule ya serikali ilikuwa mahali ambapo Mkatoliki, Mprotestanti na Mwislamu wangeweza kuketi kwenye benchi moja, na mzazi asilazimike kubadili dini ili mwanawe apate nafasi. Msimamo huo ulimharibia uhusiano na baadhi ya wamisionari, na katika mji mdogo jambo hilo lilikuwa na gharama.

Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa Wakongomani walioalikwa kuzuru Ubelgiji. Aliporudi alikamatwa.

Gereza

Mashtaka yalikuwa ya kuchukua fedha za posta, zaidi ya faranga laki moja. Lumumba hakukana kuzichukua. Alieleza kwamba mshahara wake haukutosha kuishi maisha aliyotakiwa kuishi mtu wa hadhi yake, na kwamba alikusudia kuzirudisha. Mwaka 1957 alihukumiwa kifungo cha miaka 2, kikapunguzwa baadaye, na mwaka huohuo akaachiwa.

Akiwa gerezani aliandika kitabu kuhusu mustakabali wa Kongo, kilichochapishwa baada ya kifo chake. Anayekisoma leo anakutana na mtu aliye katikati ya safari. Bado anatumaini ushirikiano na Ubelgiji, lakini tayari ameona kwamba kumchagua msomi mmoja mmoja na kumpandisha juu hakuwezi kuwaokoa mamilioni walioachwa chini.

Alipotoka hakurudi posta. Alihamia Léopoldville, akafanya kazi ya kutangaza bia ya Polar, na mwezi Oktoba 1958 akawa kiongozi wa chama kipya cha Mouvement National Congolais, MNC. Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika mjini Accra, na aliporudi alidai uhuru bila kuzunguka.

Chama cha makabila yote

Vyama vingi vya wakati huo vilisimama juu ya kabila au eneo. ABAKO ilikuwa ya Wabakongo, CONAKAT ikajenga nguvu zake Katanga. MNC ilitaka nchi moja. Chama hicho nacho kiligawanyika mwaka 1959, Albert Kalonji akabaki na tawi lililopata nguvu kwa Waluba wa Kasai. Tawi la Lumumba lilipata ngome yake Stanleyville, si Sankuru peke yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama kilifanya mkutano katika mji huo. Ghasia zilizuka, askari wakafyatua risasi, watu wengi wakauawa. Lumumba alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 6 mnamo Januari 1960. Siku chache baadaye aliachiwa ili ahudhurie mazungumzo ya uhuru mjini Brussels, kwa sababu bila yeye mazungumzo hayakuwa na uzito.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge la taifa, vingi kuliko chama kingine chochote, na ikashinda kwa kishindo katika jimbo la Orientale. Serikali aliyoiunda ilichanganya watu wa pande mbalimbali. Wizara ya elimu alimpa Pierre Mulele, mtu wa Kwilu kutoka chama kingine.

Mulele alirithi nchi iliyokuwa na watoto wengi katika shule za msingi, lakini wahitimu wa chuo kikuu hawakufika 30. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Stanleyville haikuwa na chuo kikuu. Ukoloni uliokuwa umemtaka Mkongomani athibitishe ustaarabu wake ulikuwa umemnyima karibu kila njia ya kufika juu.

Safari iliyokatika

Serikali hiyo haikupewa muda. Jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, na tarehe 5 Septemba Rais Joseph Kasa-Vubu akatangaza kumfukuza Lumumba. Siku chache baadaye Kanali Joseph-Désiré Mobutu alichukua madaraka. Lumumba akawa mfungwa katika nyumba yake.

Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka. Alielekea Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa wakimsubiri. Njiani alisimama mara kwa mara kuzungumza na wananchi, na wanaomfuatia wakapata muda wa kumkaribia. Mwanzoni mwa Desemba alikamatwa karibu na mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, mabaki pekee yaliyobaki. Jeneza lilipitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga kabla ya kuwekwa Kinshasa. Hivyo Lumumba akafika Kisangani, zaidi ya miaka 61 baada ya safari yake kukatwa njiani.

Somo ambalo halijaisha

Chuo kikuu kilikuja Stanleyville mwaka 1963, kikianzishwa na Waprotestanti. Mwaka 1971 Mobutu alikiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi, na mwaka 1981 kikasimama tena peke yake kama Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Huko Moscow, chuo kikuu kinachopokea wanafunzi wa mataifa mengi kilipewa jina la Lumumba mwaka 1961, likaondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023.

Mwaka huohuo wa 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulimwaga damu ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Lubunga, na maelfu wakakimbia makazi yao. Watoto wa jamii hizo mbili ni raia wa jimbo moja, na wengi wao wanatakiwa kurudi kuketi darasa moja.

Lumumba hakuacha mpango wa kuendesha shule ya namna hiyo. Madaraka yake yalidumu chini ya miezi mitatu. Alichoacha Kisangani ni mfano unaoweza kukaguliwa. Alibaki Mtetela na hakuficha asili yake. Alisaidiana na watu wa kwao katika umoja wao, lakini alipotaka kuongoza aliwaendea wasio wa kwao, akajifunza lugha zao, akabeba kero zao za kazi na mshahara, kisha akaomba kura yao. Nao wakampa.