MAISHA YA JAMES CLERK MAXWELL
(Na mwanafunzi wa Kidato cha 4)

James Clerk Maxwell alizaliwa mjini Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Juni, 1831. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka 8 tu. Alipopelekwa shule, wenzake walimcheka kwa nguo zake na matamshi yake ya shamba, wakampa jina la mpumbavu. Lakini mwaka 1856, akiwa na miaka 24, alikuwa profesa mjini Aberdeen.

Kila kitu kinachotiririka kina mnato. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji, na sisi wa Temeke twajua jinsi mafuta ya nazi yanavyokuwa mazito asubuhi za baridi mwezi wa Julai. Hewa nayo ina mnato, ijapokuwa kidogo mno. Maxwell alipiga hesabu, akiifikiri hewa kuwa ni chembe zinazoruka na kugongana. Likatoka jibu la ajabu: hewa ikipunguzwa chomboni, mnato wake haupungui, kwa kuwa chembe zikiwa chache, kila moja huruka mbali zaidi kabla ya kugongana. Watu wangesadikije? Na jibu hili likiwa la uongo, nadharia yote ingeanguka.

Basi mwaka 1865, katika dari ya nyumba yake London, alitundika sahani za kioo kwa waya ndani ya chombo kilichofungwa, zikawa zikizunguka huku na huko, akapima jinsi mwendo ulivyofifia. Mkewe, Bibi Katherine, alichochea moto na kuchemsha mabirika ili chumba kipate joto, ingawa zilikuwa siku za jua kali. Kisha ikaletwa barafu nyingi ili kipoe. Hewa iliponyonywa kwa pampu, mwendo ulififia kwa kadiri ile ile. Hesabu ilikuwa kweli! Tena ilionekana kwamba hewa ikipoa mnato wake hupungua, kinyume cha mafuta yetu ya nazi. Haidrojeni ilikuwa na mnato kama nusu ya ule wa hewa, lakini zilipochanganywa nusu kwa nusu, mnato ulikaribia ule wa hewa yenyewe.

Mwaka 1871 aliitwa Cambridge kuanzisha maabara ya Cavendish. Alifariki tarehe 5 Novemba, 1879, akiwa na miaka 48, kwa saratani ya tumbo, maradhi yale yale yaliyomwua mama yake.

Wenzangu, Maxwell hakutegemea sifa ya uprofesa. Alilipeleka wazo lake mbele ya kipimo ambacho kingeweza kulikanusha. Nasi tufanye vivyo hivyo maabarani.